Kijivu kilichokolea kimekataa ukutani? Dalili, chanzo na tiba kwa nyumba za Nairobi

Simu nyingi ninazopokea kuhusu rangi siku hizi zinahusu kijivu. Sisemi kile kijivu chepesi cha korido za fleti. Nasema kile kizito, kilichokolea kama mkaa uliozimwa kwa maji, ambacho hakitakiwi kuegemea buluu, kijani wala zambarau. Watu wanakitaka nyuma ya televisheni, mlangoni, getini, hata jikoni. Mimi mwenyewe nakipenda. Lakini katika miaka yote niliyoshika rola jijini, sijaona rangi inayolalamikiwa kama hii, na malalamiko ni yale yale kutoka Umoja hadi Kileleshwa.

Krimu na nyeupe huuficha ukuta. Kijivu kilichokolea huuanika: chumvi iliyo ndani ya plasta, balbu isiyofaa, rola iliyopita haraka, maji yanayovuja nyuma ya bafu. Kwa hiyo ombi langu ni moja, usinunue galoni ya pili kabla hujajua kilichoharibu ya kwanza. Dalili nimezipanga kwa maneno ya wanaonipigia. Katika kila moja chanzo kinachopatikana sana kinatangulia, na ukaguzi usiogharimu kitu unakuja kabla ya ule wa kugharimu.

"Nilinunua kijivu, ukuta umekuwa buluu"

Hii ndiyo inayoongoza. Mama mmoja wa Donholm alinipigia saa mbili usiku: "Fundi, umenipakia buluu." Kesho yake saa nne asubuhi nilisimama sebuleni kwake na ukuta ulikuwa kijivu kabisa, naye akauangalia kwa mshangao. Nikamwomba afunge mapazia na awashe taa. Ukuta ukageuka mbele yetu sote wawili. Nilipanda kwenye kiti nikaitoa balbu: 6500K, nyeupe kali. Tulinunua ya 3000K kwenye duka la chini, na habari ya kupaka upya ikaishia hapo.

Kwa hiyo chanzo cha kwanza ni taa. Angalia ukuta saa sita mchana taa zikiwa zimezimwa, kisha uuangalie tena usiku. Ubuluu ukija usiku tu, badilisha balbu kabla ya kugusa brashi. Namba yenye K, yaani kipimo cha rangi ya mwanga, imeandikwa kwenye boksi au kwenye shingo ya balbu. Kati ya 2700 na 3000 mwanga ni wa manjano na kijivu hutulia, 4000 ni katikati, na 6500 huvuta kila kitu kwenye ubaridi. Kama boksi linaonyesha CRI, yaani jinsi mwanga unavyoonyesha rangi kwa usahihi, chagua 90 kwenda juu, maana balbu yenye CRI ya chini hupotosha rangi hata ikiwa na K nzuri.

Ubuluu ukiwapo hata mchana, chunguza mwanga unaoingia dirishani. Chukua karatasi nyeupe, ibandike juu ya ukuta, kisha isogeze polepole kuelekea dirishani. Ikianza kuchukua rangi, basi kuna kitu nje kinachorudisha rangi yake ndani: mabati ya buluu ya jirani, mwembe, au ua wa udongo mwekundu. Mwezi wa Julai, mawingu yanapokaa juu ya jiji siku nzima, kila kijivu huonekana baridi zaidi. Vumilia mpaka jua lirudi ndipo uamue.

Hapa niseme jambo moja kuhusu ushauri wa mitandaoni. Utasoma kwamba chumba kinachoelekea kaskazini hakipati jua. Hilo ni la Ulaya na Marekani. Nairobi iko kusini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua hupita upande wetu wa kaskazini, na miezi inayobaki hupita kusini. Kwetu kinachotenganisha vyumba ni mashariki na magharibi. Chumba cha mashariki kina mwanga mkali asubuhi na hufifia baada ya chakula cha mchana. Cha magharibi hupata jua la jioni lenye manjano, na humo kijivu kinaweza kuonekana cha kahawia.

Chanzo cha tatu ni majirani wa ukuta. Mbao zenye wekundu, sofa ya rangi ya machungwa au vigae vya krimu vyenye manjano hufanya macho yaone ubuluu kwenye kijivu kilicho kando yake. Tupia shuka nyeupe juu ya sofa, kaa dakika tano, tazama tena.

Rangi yenyewe huja mwisho, ingawa watu huanza nayo. Mara nyingi kosa ni la kuchanganya kwa mkono: fundi anachukua ndoo ya nyeupe, anatia steina (rangi kali ya kuchanganyia) nyeusi hadi macho yaridhike. Nyeusi ya kaboni ikikutana na nyeupe huelekea ubuluu. Kijivu kisichoegemea popote huhitaji tone la oka ya manjano, na pengine wekundu kidogo wa oksaidi ya chuma, ili kuusawazisha. Tena kijivu kizito hakitoki kwenye nyeupe ya kawaida. Kinahitaji besi ya rangi nzito, yenye weupe mdogo, ichanganywe kwa mashine dukani, na namba ya mchanganyiko iandikwe kwenye kifuniko. Ipige picha namba hiyo. Utaihitaji siku ya kurekebisha.

Kabla ya ukuta mzima, paka ubao wa sentimita 60 kwa 60 mikono miwili, yaani tabaka mbili. Utembeze nyumbani siku tatu, asubuhi, mchana na usiku. Kadi ndogo ya dukani haitoshi kukuonyesha haya.

"Chumba kimekuwa pango"

Hapa rangi haina kosa, ni hesabu tu. Kwenye mizani ya Munsell, ambayo hupanga kijivu kutoka nyeusi hadi nyeupe, kijivu namba 5 hurudisha karibu asilimia 20 ya mwanga, namba 4 karibu asilimia 12, na namba 3 chini ya asilimia 7. Ukuta mweupe hurudisha asilimia 80 na zaidi. Ukipaka kuta nne kwa namba 4, mwanga mwingi wa chumba umeumeza. Sasa kama dirisha lako linatazamana na ukuta wa fleti nyingine hatua chache tu, kama zilivyo ploti nyingi za Roysambu na Pipeline, hata saa saba mchana utawasha stima.

Angalia kwanza dari: ikiwa si nyeupe safi, ipake nyeupe. Kisha ongeza vyanzo vya mwanga badala ya balbu moja kubwa katikati. Taa mbili za pembeni, zinazoosha ukuta kutoka juu au chini, hufanya kijivu kipendeze kuliko balbu moja kali. Bado pango? Bakiza ukuta mmoja wa kijivu, ule unaotazamana na dirisha. Usiuchague ukuta wenye dirisha lenyewe, kwa sababu macho hupofushwa na mwanga na ukuta ule huonekana mweusi.

"Kuna milia ya rola na mabaka"

Sababu kubwa ni ukingo uliokauka. Fundi anaanza kona ya kushoto, anapumzika, anapokea simu, akirudi rangi ya mwanzo imekwishashika na mkono mpya unalala juu yake. Kwenye krimu hutaona. Kwenye kijivu utaona hata ukiwa mlangoni. Januari na Februari hewa yetu ni kavu na rangi hukauka upesi, kwa hiyo funga madirisha ya upande wenye upepo wakati wa kupaka, na ukuta mmoja uanzwe na umalizwe bila kuachwa.

Baada ya hapo, kagua haya kwa mpangilio:

- Mstari wa brashi unaozunguka ukuta kama fremu ya picha unatokana na kona zote kupakwa kwanza kwa brashi, zikakauka, ndipo rola ikaja. Paka kona za ukuta mmoja tu, kisha fuata na rola papo hapo.
- Mabaka yanayofuata viraka vya filla (ya kuziba mashimo na nyufa) yanamaanisha filla imenyonya rangi kuliko plasta. Hapo ilihitajika praima, rangi ya kwanza ya kuandaa ukuta. Piga msasa laini, tia praima ukuta mzima, paka upya.
- Nusu ya ukuta ni tofauti na nusu nyingine: ndoo mbili hazikulingana. Mimina zote kwenye ndoo moja kubwa, koroga, ndipo uanze.
- Rangi imeongezwa maji kupita kiasi kinachoandikwa kwenye kopo. Ipitishe mkononi, kama inatiririka kama maziwa, chanzo umekipata.

Juu ya ukuta uliokuwa mweupe, kijivu kilichokolea huhitaji mikono mitatu, au miwili ikitanguliwa na andakoti (rangi ya chini) ya kijivu. Ukuta laini hutumia takriban lita moja kwa mita mraba 10 hadi 12 kwa kila mkono, na fundi anayekuambia ndoo moja itatosha nyumba nzima hajapiga hesabu hiyo. Na usijaribu kuziba baka moja kwa brashi ndogo. Rudia ukuta kutoka kona hadi kona.

"Kuna unga mweupe unatoka ukutani"

Dalili hii naomba uisome polepole, kwa sababu ndiyo inayokula pesa za watu.

Kulikuwa na nyumba mpya kule Utawala. Familia ilikuwa na haraka ya kuhamia, plasta ilikuwa na wiki tatu tu, nasi tukaombwa tupake. Niliogopa lakini nilikubali, na hilo ni kosa langu. Ilipofika Aprili, katikati ya masika, ukuta wa kijivu wa chumba cha chini ulikuwa kama umepanguswa na mkono wenye unga wa ngano, hasa chini ya usawa wa kiuno. Baba mwenye nyumba alikuwa akiupangusa kwa kitambaa chenye maji kila Jumamosi, na kila Jumatatu unga ulirudi mwingi zaidi. Nilichovya kidole kwenye maji nikaweka tone juu ya unga ule. Ukayeyuka tukiuona. Ilikuwa chumvi. Kila alipopangusa, aliiyeyusha na kuirudisha ndani ya plasta, maji yakakauka, chumvi ikatoka tena.

Jaribio hilo la tone lina kazi. Kikiyeyuka ni chumvi. Kisipoyeyuka na kikiwa na harufu ya chumba kilichofungwa, ni ukungu. Tone la Jik (dawa ya kupausha nguo) iliyochanganywa na maji likikifanya kipauke, umethibitisha. Fungua madirisha unapotumia Jik, na kamwe usiichanganye na asidi ya choo au dawa yenye amonia, mvuke wake ni sumu.

Chumvi hubebwa na maji, kwa hiyo swali ni maji yanatoka wapi. Kwa ninavyoona mimi, mpangilio ni huu. La kwanza, plasta mbichi: plasta ya saruji ipewe siku 28 kwa uchache, na Juni hadi Agosti iongezewe. La pili, udongo au bustani iliyoegemezwa nje ya ukuta huo huo. Nenda nje utazame, kama maua yanamwagiliwa hapo kila jioni, umefika. La tatu, bafu au sinki upande wa pili. La nne, ambalo ni zito kuliko yote, ni nyumba iliyojengwa bila ule utepe mweusi wa kuzuia unyevu juu ya msingi, ambao mafundi huuita DPC, au utepe wenyewe ulichanika.

Ukaguzi: kata polithini ya sentimita 30 kwa 30, ibandike ukutani kwa tepu kingo zote, iache siku moja hadi mbili. Matone yakikaa upande unaogusa ukuta, ukuta una maji. Yakikaa upande wa chumbani, ni mvuke wa ndani, na unahitaji hewa zaidi kuliko rangi. Kwa paipu, funga mifereji yote, piga picha mita ya maji, usitumie maji saa mbili, kisha piga picha nyingine. Kama una tangi, weka alama ya kiwango cha maji pia.

Ukishakata maji, ndipo utibu. Sugua chumvi kwa brashi kavu, ifagie, itoe nje. Usioshe. Subiri ukuta ukauke, na hapa nasema wiki, pengine miezi. Kisha praima inayostahimili alkali, na mikono miwili ya rangi ya mati (isiyong'aa) inayoruhusu ukuta kupumua. Usifunike kwa glosi (rangi inayong'aa) ukidhani umezuia. Maji yatatafuta njia nyingine na plasta itabanduka vipande vipande.

SIMAMA HAPA ikiwa ukuta wenye unyevu una soketi au swichi. Zima swichi kubwa ya nyumba na uite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati. Simama pia ukiona ufa unaopanda kimshazari kutoka kona ya mlango au dirisha, au ufa unaoingiza sarafu na kuendelea kupanuka. Sehemu zenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, nyufa hizo zinaweza kutoka kwenye msingi. Hiyo ni kazi ya mhandisi aliyesajiliwa, na hakuna filla inayoitibu.

"Rangi inavimba na kubanduka"

Bafuni mara nyingi ni mvuke wa shawa. Kwingine, rangi ya maji imepakwa moja kwa moja juu ya glosi ya zamani au juu ya chokaa. Chora alama ya X kwa kisu, bandika tepu, ing'oe ghafla. Ikitoka na rangi, hakuna kilichoshika hapo na lazima ukwangue mpaka palipo imara. Kujua kilicho chini, sugua kwa pamba yenye spiriti ya duka la dawa: rangi ya maji hulainika na kuchafua pamba, ya mafuta hubaki. Juu ya ya mafuta, piga msasa hadi mng'ao upotee, osha, tia praima ya kushikia, kisha kijivu chako. Juu ya chokaa, kwangua yote.

SIMAMA HAPA kama nyumba ni ya zamani na ina tabaka nyingi za glosi kwenye milango na madirisha. Rangi za zamani zaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Kiwango cha Kenya leo ni sehemu 90 kwa milioni, lakini mlango wa miaka mingi hukuti kwenye kiwango hicho. Usipige msasa mkavu, na watoto na mama mjamzito wasiwepo. Mpe mtu mwenye vifaa na barakoa sahihi.

"Kila kidole kinaonekana"

Umepaka mati ya kawaida mahali pa kupitia. Ukiisugua kwa nguvu inapata mng'ao, na doa linakuwa baya kuliko alama ya mkono. Pangusa taratibu kwa sponji laini yenye sabuni kidogo. Korido, ngazi na kando ya swichi zipakwe silki (yenye mng'ao kidogo) au mati ya kuoshwa. Silki nayo huonyesha kila tundu la ukuta usionyooka, basi skimu (tabaka laini la kunyoosha ukuta) iwe nzuri kwanza. Jikoni, safisha mafuta kwa maji ya sabuni kabla ya mkono wowote mpya, la sivyo rangi haitashika.

"Nje kimepauka kabla ya mwaka"

Pitisha kiganja ukutani. Kikitoka na unga wa kijivu, si kwamba weusi umefifia. Kaboni na oksaidi za chuma huvumilia jua vizuri. Kilichokufa ni gundi inayoshika rangi, na unga wa kujazia umebaki wazi, ndiyo maana ukuta unaonekana mweupe. Jiji liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na jua letu la utosini ni kali. Chanzo cha kwanza ni rangi ya ndani iliyopakwa nje. Cha pili ni rangi hafifu, na cha tatu kupaka ukuta ukiwa wa moto. Osha, acha ukauke, tia praima ya kushika unga, paka rangi ya nje. Kuta za mashariki zipake alasiri na za magharibi asubuhi, ili brashi iwe kivulini. Geti la chuma la kijivu kizito saa nane mchana halishikiki, na rangi uliyopaka saa hiyo itavimba.

Chini ya ukuta, matone ya mvua yanayoruka na udongo mwekundu huacha ukanda wa kahawia usiotoka. Mwaga kokoto au sementi upana wa nusu mita kando ya ukuta, hapo matone hayatakuwa na udongo wa kurusha.

SIMAMA HAPA ikiwa kazi ni juu ya ghorofa ya kwanza. Ngazi iliyofungwa kwa kamba juu ya meza nimeiona, na sitaki kuiona tena. Tafuta wenye jukwaa na mikanda ya usalama.

"Nahama, landilodi anataka nyeupe"

Ungeuliza kabla ya kupaka, na kwa maandishi, kwa sababu gharama ya kurudisha hukatwa kwenye dipoziti. Kama umeshachelewa, usianze na nyeupe juu ya kijivu. Utapaka mikono mitano na bado kivuli kitaonekana. Piga msasa laini, tia praima nyeupe ya kufunika, acha ikauke usiku mzima, kisha nyeupe mikono miwili. Kona za juu karibu na dari na nyuma ya milango huachwa sana, na ndizo mwenye nyumba huangalia kwanza. Beba tochi uzipitie kabla hujarudisha funguo.